Pazia Lisilo na Upindo

"Nani amekufa kwenu?"

Mwenye duka aliniuliza hivyo huku kipande changu cha kitambaa kikiwa baina ya vidole vyake. Nilikuwa nimekwenda dukani kwake, Kingsbury, hapa London, kutafuta utepe wa hariri wa rangi ya buluu utakaopendeza juu ya kitambaa kile cheupe, na furaha ya Jumapili ilikuwa bado haijanitoka mwilini. Nikacheka. Nikamwambia, "Hajafa mtu, mjomba. Nimeshona gauni."

Akakiinua kile kipande hadi puani. Alikuwa Mhindi wa Unguja, mzee sana, baba yake aliuza nguo Darajani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Akakilaza juu ya meza taratibu, akafuta vidole kwenye shati lake.

"Hii bafta ya sanda, mwanangu. Harufu hii ni karafuu maiti. Sisi tukiikunja hivihivi dukani. Umeipata wapi?"

Nilikichukua kipande changu nikatoka. Basi la kurudi nyumbani lilisimama mbele yangu, likafungua mlango, likaufunga, likaondoka. Nilikwenda kwa miguu, na kila nilipopita kioo cha duka nilijiona kama nilivyokuwa jana yake bustanini: mweupe kutoka shingoni hadi vidoleni, nikiwapungia watu mkono.

Sina budi kuueleza ugonjwa wangu. Napenda nguo za Ulaya za karne ya kumi na nane. Ulinianzia katika jumba la makumbusho, mbele ya sanduku la kioo, nilipoona ndani ya mkono wa gauni moja mshono uliopinda. Mkono uliolishona ulikuwa umechoka pale, pale hasa, miaka zaidi ya mia mbili iliyopita. Nilisimama nikatokwa na machozi, na riwaya niliyokuwa naandika ikalala miezi minne. Marafiki zangu waandishi walinicheka. "Wewe mjukuu wa Unguja unawashonea wanawake wa Kizungu waliokwisha kufa?" Nikawaambia ndiyo, tena bila malipo.

Nilipata wenzangu: muuguzi, mkutubi, mama mmoja mstaafu. Tulishona kwa mkono tu, cherehani ilikuwa haramu, na uzi tuliupitisha kwenye nta ya nyuki usije ukakatika. Kila kiangazi tulivaa kazi zetu tukatembea bustanini. Mwaka ule nilitaka gauni la melimeli, ile pamba nyeupe nyepesi, lile alilolipenda malkia mmoja wa Ufaransa. Alipochorwa amelivaa, watu walipigwa na butwaa. Walisema amechorwa na nguo za ndani. Nami nilikitaka kishindo hicho.

Bibi yangu, ambaye tulikaa pamoja katika fleti yetu ndogo, alikuwa amekwenda Leicester kwa mwanawe, mjomba wangu. Alikwenda kuagana naye, maana bibi mwenyewe alikuwa na miadi ya kupasuliwa moyo. Nilimpigia simu nikamuuliza kama tuna kitambaa chepesi cheupe.

"Lipo pazia la melimeli," alisema. "Sanduku la chini ya kitanda. Chukua, mie sina haja nalo."

Chini ya kitanda nililiona sanduku la kahawia. Ndani yake kulikuwa na nguo nyeupe iliyokunjwa vizuri, inanuka dawa ya nondo, au ndivyo nilivyodhani. Nikakata kipande kidogo cha kumbukumbu kabla ya kuifua, kama tulivyofundishwa. Kisha nikaifua, nikaianika, nikashona wiki tatu. Jumapili nikalivaa gauni langu. Mstaafu wetu alishika kiuno changu akasema hajapata kuona mishono midogo namna ile. Niliruka kwa furaha. Niliruka, nimevaa sanda.

Niliporudi kutoka dukani nililala sakafuni nikachungulia tena chini ya kitanda. Nyuma kabisa, ukutani, lilikuwapo sanduku la pili, la buluu. Pazia lilikuwa humo, na pete zake.

Bibi alirudi Jumanne mchana. Upasuaji ulikuwa Alhamisi. Hata buibui hajavua, akasema, "Nitolee lile sanduku la kahawia. Nataka nikuoneshe vitu vyangu, lolote likitokea usije ukababaika mbele za watu."

Nilipiga magoti. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka kwamba nilimletea gauni limelala juu ya mikono yangu miwili kama anavyobebwa mtoto mgonjwa.

Akalishika penye shingo, akaligeuza ndani nje.

"Hii ni yangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe ndiye fundi? Ndiye unayesomeshana na Wazungu kushona?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Pazia gani halina upindo, mwanangu? Pazia gani halina pete?"

Jicho langu, lililoona mshono uliopinda nyuma ya kioo, halikuona hilo.

Akakaa kitandani. Akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Baada ya mapinduzi kule Unguja ilikuja miaka ya foleni, nguo ikawa adimu, na mama yake akafa katika miaka hiyo. Walitafuta bafta mtaa mzima wakaikosa. Wakamzika kwa shuka la kitandani lenye kiraka cha maua. "Kila nikifumba macho nakiona kile kiraka," alisema. Siku nguo ziliporudi madukani, kitu cha kwanza alichonunuliwa na babu hakikuwa kanga. Kilikuwa hiki. Alihama nacho, akakitunza katika nyumba sita za London.

"Livae," akasema.

"Bibi, siwezi."

"Umewavalia watu bustanini ukaweza. Mie mwenyewe nisilione?"

Nililivaa. Kamba akanifungia yeye. Aliniangalia toka juu hadi chini, nami niliona uso wake ukibadilika kwa namna ambayo mpaka leo sijaipatia neno.

"Loo," alisema. "Umependeza, mwana mbaya we. Haya vua, tulifumue."

Tulifumua Jumanne ile mpaka usiku, na Jumatano tangu alfajiri, yeye kwa wembe na miwani miwili, mimi kwa mkasi mdogo. Ile mishono niliyosifiwa ikawa adhabu yangu. "Umeshona kana kwamba unaficha wizi," alinung'unika, kisha akanitazama, nikainamisha kichwa.

Lililotuokoa ni ile desturi ya washonaji wa kale. Wao hawakukata nguo hovyo, ilikuwa na thamani kuliko kazi yao; waliyaacha mapande mapana yakiwa mazima, wakayakusanya kwa kamba shingoni na kiunoni. Nami niliwafuata kwa ushabiki. Mkasi ulikuwa umepita kwenye mikono tu.

Jumatano alasiri alipima. Alipima kwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akihesabu kwa kunong'ona: shuka, kanzu, ushungi, na nguo mbili za kuzungushia. Sanda ya mwanamke ni nguo tano. Alipofika ya tano nilishikilia ukingo wa kitanda. Kidole chake kilifika mwisho wa kitambaa, na kitambaa kikabaki kidogo.

"Imetosha?" nikauliza.

"Babu yako alinunua ya mtu mnene. Alikuwa na matumaini."

"Na hii mikono ya gauni?"

"Weka wewe. Maiti hamkumbatii mtu."

Tuliifua tena, tukaipiga pasi. Matundu ya sindano yalijifunga kwa maji, isipokuwa pale kamba zilipopita. Pale ulibaki mstari wa vitone, ukiuinua kwenye dirisha mwanga unapenya. Alipitisha kidole juu yake.

"Malaika wakiniuliza matundu haya ya nini, nitawaambia mjukuu wangu alinitangulia kuivaa."

Alicheka peke yake. Kesho yake asubuhi nilimpeleka hospitali, na siku ya tisa nilimrudisha nyumbani, mwembamba, mkali, akilalamikia supu yao.

Kiangazi kilichofuata wenzangu waliniuliza lile gauni jeupe liko wapi. Niliwaambia lina mwenyewe.