Chumba cha Pili

Mama aliponipeleka Mahajanga kwa dada yake, alisema ni mpaka apate mahali pa kulala. Baba alikuwa ameshaoa kwingine, na mama alikuwa akijibanza sakafuni kwa watu kule Andoany. Nilikuwa na miaka sita. Uhuru ulikuwa mpya, bendera ya forodhani bado haijapauka. Ilipopauka, mimi bado nilikuwepo.

Mama mkubwa hakunitesa. Nasema haya mapema, maana watu hupenda kusikia habari za fimbo. Alinilisha, akanipeleka chuoni kusoma Kurani, akanifundisha kukunja sambusa alizouza barazani. Sokoni alibishana na muuza nyama kwa Kimalagasi, akamlaani kwa Kingazija cha kwetu, akajifanya anaondoka, akarudi nyumbani na mfupa wa nyongeza. Mama naye alikuwa vivyo hivyo. Hakuna kitu ambacho dada wale wawili walipata kukinunua kwa bei ya kwanza.

Juu yangu mimi tu ndipo midomo yao ilipofungwa. Kwetu, mdogo hamdai dada yake mtoto. Ni sawa na kumwambia hukumlisha. Na dada harudishi mtoto asiyedaiwa. Ni sawa na kumfukuza.

Mama alikuja baada ya Idi ya tatu, na pilipili manga na kamba wakavu. Nilikuwa nimeshafunga magauni yangu mawili kwenye leso. Niliyahesabu, nikayahesabu tena, yakawa yale yale mawili. Nikakaa nyuma ya pazia kusikiliza.

"Amekua," mama alisema.

"Anakula."

"Hakusumbui, dada?"

"Mtoto wako atanisumbuaje?"

Kijiko kikazunguka kikombeni muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Nimepata nyumba," mama akasema. "Ina chumba cha pili."

"Vizuri. Utapata mpangaji."

"Ndiyo," mama akasema. "Nitapata."

Siku ya chombo cha Andoany kuondoka nilisimama mlangoni na furushi langu. Mama aliliangalia.

"Unapeleka nguo kufuliwa?"

Nikamtazama mama mkubwa. Yeye alikuwa anatazama karai la mafuta.

"Ndiyo, mama," nikasema. Nilikuwa nimelelewa vizuri.

Jioni mama mkubwa alifungua sanduku akatoa gauni jipya, lenye pindo refu la kukulia. Alikuwa amenishonea la safari.

"Nilimsubiri siku tatu," alisema. "Alitaja chumba. Wewe hakukutaja."

Akalirudisha sandukuni. Nililivaa Idi iliyofuata, na nyingine mbili.

Nilifika Andoany nikiwa mtu mzima, na nauli yangu mwenyewe. Mama alinitandikia mkeka sebuleni. Nilimuuliza kwa nini hakunidai.

"Kwani dada alisema unamsumbua? Alisema nitafute mpangaji. Ningeelewaje?"

Kutoka chumba cha pili mwanamume akakohoa.

"Mtu mzuri," mama akasema, akipunguza sauti. "Yuko humu tangu mwaka ule."