Kicheko Nyuma ya Ukuta

Ule muchezo wa televizyo niliuanza sababu ya binti yangu. Televizyo yenyewe ni ndogo, inatumika na pano ya jua, ile ya kuvuta moto wa jua juu ya bati. Mvua ikinyesha siku mbili hapa Baraka, inabaki kutuangalia tu, nyeusi. Basi. Ndani ya muchezo kuko kijana na musichana, kila mumoja anatumika kwa bureau ya mukubwa wake wa siasa. Bale bakubwa banachukiana. Bale batumishi banapendana kwa siri. Mukubwa akifungua mulango, musichana anakimbilia ndani ya kabati, na bantu basioonekana banacheka.

"Ni banani banacheka?" niliuliza.

"Mama, icho kicheko balikitia kwa mashini zamani. Pengine bengine balishakufa."

Akacheka naye. Kila mara kicheko chake kilikuwa kinabatangulia bale ba mashini kidogo, mulango haujafunguka bado.

Kumbe alikuwa anacheka maisha yake. Alikuwa anaandika makaratasi ya mukubwa mumoja kule Fizi, juu ya milima, na mupenzi wake alikuwa anaandika hotuba za mupinzani. Hakuniambia. Wakati wa kampanye boti ikapinduka upande wa Ubwari, yeye ndani. Ziwa halikumurudisha. Yule mupenzi wake akakuja kwa matanga, ndiyo nikajua, akasimama pembeni ya lupango, ule uwanja wa nyumba yetu, kama muntu aliyepotea njia. Hakuwahi kuletwa kwetu, nani angemupa kiti?

Matanga ikaisha. Magaribi moja akarudi, saa ya muchezo.

"Mama, niruhusu niangalie. Yeye alikuwa ananisimulia yote."

Akakaa kwa mukeka. Na mi nikakaa kwa kiti changu. Sasa, kwetu Babembe, mukwe na mama-mukwe habakai chumba kimoja. Yeye akiingia, mama anatoka. Bakikutana njiani, mumoja anapita kwa majani. Kwa hiyo kukaa kwangu kulikuwa neno. Kulimwambia: we ni mugeni. Kijana alielewa, na bado kila magaribi alikuja.

Mudogo wangu, mwanamuke wa mudomo, akatucheka kutoka mulangoni: "Dada, goti kwa goti na mukwe wako! Haya yako wapi?"

"Mukwe gani? Nani alimuleta?"

Kijana akasema, macho kwa televizyo: "Mi siombi kitu, mama. Niambiwe tu kama niko mujane ao siko."

Nikaongeza sauti ya televizyo.

Kesho yake, ndani ya muchezo, mukubwa akatembea kwa korido. Musichana akaingia kabati. Mukono ukashika mulango. Na kicheko kimoja kikatangulia bale ba mashini, kidogo tu, mulango haujafunguka. Nikamugeukia kijana. Mudomo wake ulikuwa umefungwa, na yeye alikuwa ananiangalia. Alisikia naye.

Nikasimama, nikajifunika kitenge kichwani, nikatoka.

"We unaenda wapi?" mudogo wangu akauliza. "Haijaisha!"

"Mukwe iko ndani."

Nikakaa jikoni, nyuma ya ukuta. Bale bantu ba mashini bakacheka, kisha nikamusikia mukwe analia kwa sauti, vile bwana analilia bibi yake.

Tangu ile siku chakula chake kinapelekwa na mudogo wangu, na muchezo ninausikia kwa ukuta tu. Sijui kama ule musichana alishatoka kwa kabati. Na mukwe siwezi kumuuliza.