Sauti Iliyokataa Kutoka Kwenye Sanduku

Sanduku langu la kuhifadhia video lilikuwa mezani kwangu Arua, taa yake ya kijani inawaka, lakini kompyuta mpya ikasema halipo. Nikachomoa waya, nikaurudisha. Bado halipo.

Zamani nilikuwa na studio ya video Koboko, na harusi zote nilizopiga zimo humo, kwenye diski zinazosomwa kupitia mtandao. Mtoto wa marehemu mdogo wangu alikuwa anaolewa Jumamosi. Baba yake alifariki yeye bado ananyonya. Kwa desturi yetu ni mimi, baba mkubwa, wa kusema na wakwe wakati wa kumtoa aende kwao. Binti alikubali, ila alitaka kwanza asikie baba yake alivyosema siku tulipomtoa dada yetu. Hakuwahi kuisikia sauti yake.

Fundi wa mjini alicheka. "Mzee, hii kitu iko ya zamani sana! Komputa mpya inaogopa kuongea na yeye. Inataka programu yake ya zamani. Iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya laptopu niliyowapa kanisa nilipofunga studio, waonyeshe maneno ya nyimbo ukutani. Nilidhani nikibaki na sanduku nimebaki na kila kitu. Kosa ni langu, sikuuliza mtu.

Mimi na binti tukaenda Koboko, sanduku mapajani mwangu. Katekista akasema laptopu haitoki kanisani, basi tukaunganisha pale pale kwenye benchi la kwaya. Nilipofungua programu, sanduku likaonekana mara moja, lile lile lililojificha nyumbani. Mpaka leo sielewi. Nikajaribu kunakili kwenye flashi, ikagoma. Nikabadilisha tundu, ikagoma tena.

"Wacha, baba mkubwa. Fungua tu icheze," binti akasema, akaweka simu yake karibu na spika ya laptopu, ikaanza kurekodi. Sikuwa nimewaza hilo.

Mdogo wangu akatokea kwenye skrini, amesimama mbele ya wakwe, mkono kiunoni. "Hii mbuzi yenu imekonda hivi, mulitembeza yeye kwa miguu toka Vurra?"

Wakwe wakaangua kicheko. Binti naye akacheka, akaomba nirudishe. Nikarudisha, akaomba tena, mpaka katekista naye akavuta kiti.

Tulipokuwa tunachomoa waya, binti akasema, "Jumamosi upumzike, baba mkubwa. Baba ndiye atasema, kwa simu hii."

Nikaitikia. Njia nzima sikujua kama nimeheshimiwa au nimefukuzwa kazi.