Kobe wa Tangi la Kromu

Mume wa dada yangu tulimwita Kobe, na ni mimi niliyembandika jina hilo. Karakana yetu inang'arisha vitasa na mabomba ya bafuni kwa kromu. Yeye alichovya vyuma kwenye tangi la dawa ya kromu, mimi nikavisuuza kwenye tangi la maji. Basi kila akinyanyua fremu iliyotundikwa vyuma, anaishikilia juu ya dawa, anangoja. Na mimi nimeshika kiuno.

"Shemeji, unaviombea dua?"

"Dawa inadondoka. Naiacha imalize."

"Imalizie huku kwangu basi!"

"Ikifika kwako imefika mferejini. Na mfereji unapita nyuma ya jiko la dada yako."

Sikumsikiliza. Hasira zangu ziko puani. Nilikwenda kwa msimamizi nikamshtaki kwamba anatuchelewesha. Msimamizi akamhamishia stoo, akasema kazi ikienda vizuri bila yeye, Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho.

Akaletwa fundi mwenye mkono mwepesi. Kazi ikaenda mbio kweli, nikafurahi. Lakini kabla ya saa nne maji yangu yalikuwa manjano tupu kwa dawa. Enzi za Kobe niliyabadilisha mara moja kwa siku. Siku hiyo nilifungulia mara tatu. Mara ya tatu nikayafuata kwa macho hadi kwenye tundu la ukutani, nikamfikiria dada yangu na watoto wake upande wa pili. Niliona aibu, tena aibu kubwa.

Nikachota ndoo nzima, nikaitua miguuni pa msimamizi.

"Bosi, hii ni dawa yako, tunaimwaga. Kobe alikuwa anairudisha."

Akachungulia ndoo, akaenda kupima tangi: dawa imeshuka kiganja kizima. Akakuna kichwa, kisha akamwita fundi wa kuchomelea aweke bomba la chuma juu ya tangi, fremu zitundikwe zidondoke zenyewe huku nyingine zikichovywa. Alhamisi Kobe akarudishwa. Sasa maji yangu yanakaa siku mbili, na hakuna anayechelewa.

Asubuhi aliporudi nilishindwa kumtazama.

"Shemeji, ni mimi niliyekushtaki."

"Najua. Kwa kelele zile, hata mlinzi wa getini alisikia. Shika upande huo, tutundike."