Mguu wa Mpira Kwenye Msafara wa Fahali

Juzi nilienda mjini Kakamega kufungiwa mguu mpya wa bandia. Huu ni wa pini: unavaa soksi nene yenye pini chini yake, unasukuma kigutu ndani, pini inalia ka, ka, ka, na mguu umeshika. Fundi akaniambia nitembee hadi ukutani na kurudi. Nikatembea. Akacheka kidogo.

"Mbona unatupa kiuno hivyo, na mguu ni mwepesi?"

Nikamshukuru, nikaondoka. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikiukumbuka mguu wangu wa kwanza.

Huo ulikuwa wa mkanda. Nilizaliwa bila mguu wa kulia kuanzia chini ya goti, na nyanya, aliyenilea huku Malinya, ndiye aliyenifungia kila asubuhi baada ya chai na viazi vitamu. Mkanda mmoja wa ngozi ulizunguka kiuno, mwingine ukashuka juu ya paja hadi kwenye mguu. Ulinuka jasho na mafuta ya kupikia, kwa sababu nyanya aliupaka ili usikauke. Shida ya mkanda ni kwamba haukazi sawasawa. Ukiinua paja, mguu unachelewa, unaning'inia, ncha yake inakwaruza chini. Kwa hiyo nilijifunza kuinua kiuno na kuuzungusha mguu kwa nje, kama mtu anayekwepa mavi ya ng'ombe. Krii, tup. Krii, tup. Nyanya akiwa jikoni alijua nimefika wapi.

Nilizoea. Kitu kimoja tu kiliniuma. Jirani yetu alifuga fahali wa kupigana na fahali wenzake, na siku ya pambano alimtoa alfajiri, ngoma za isukuti zikilia na kijiji kizima kikifuata kwa nyimbo na matawi mikononi, mpaka uwanjani. Watoto wote walienda. Mimi nilibaki langoni.

"Hapana," nyanya alisema kila mara. "Hiyo mguu inaburutanga. Watu wakianza kukimbia, nani atakubeba?"

Halafu nikapata mguu wa pili, wa mpira. Haukuwa na mkanda hata mmoja. Unaingiza kigutu, unavuta mpira mrefu hadi juu ya paja, hewa inatoka, na mguu unanyonya kama ndama. Nilipoinua paja, nao uliinuka. Nilitembea mbele ya nyanya kutoka jikoni hadi kwenye migomba, nimenyooka kama askari. Akauvuta ule mpira, haukutoka.

"Haya. Lakini utakaa karibu na mimi."

Asubuhi ya pambano lililofuata kulikuwa na umande na moshi wa meko, na ngoma ndogo ilikuwa ikiichokoza ile kubwa. Nilicheza kuliko wote. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mpira haupendi jasho. Jasho liliingia, hewa ikafuata, na kila nilipokanyaga mguu ukatoa sauti ya aibu. Watoto wakaanza kuulizana nani alikula maharagwe. Kisha, kwenye mteremko wa matope, mimi nilienda na mguu ukabaki. Ulisimama wima pale, na kiatu chake.

Nilianguka na kukaa chini. Jirani akageuka, kamba ya fahali mkononi.

"Mama, mguu ya huyu mtoto imekataa kwenda. Inaogopa ndume yangu?"

Watu wakacheka, wakapita. Niliona wazi kwamba nyanya angenirudisha nyumbani, na kwamba singeruhusiwa tena.

Nyanya aliung'oa mguu, akaupangusa kwa majani. Akatazama barabara, ngoma zikizidi kwenda mbali. Kisha akafungua leso kiunoni mwake, akaipasua katikati, yeye ambaye hakutupa hata kamba ya gunia. Akanivisha tena mguu, kipande kimoja akanizungushia kiuno, kingine akakishusha pajani hadi kwenye mguu, akakaza vile alivyokuwa akikaza mkanda.

"Sasa tembea vile unajuanga. Na usinicheleweshe, mimi nataka kuona ng'ombe."

Nikatupa kiuno. Mguu ukazunguka kwa nje, ukaja. Tulipoufikia msafara, akina mama wa nyuma walidhani huo ni mtindo mpya. Nao wakaanza kutupa kiuno upande wa kulia, mpaka mpiga ngoma akabadilisha mapigo ili atufuate. Tuliingia uwanjani hivyo. Fahali wa jirani hakupigana hata kidogo, alikimbilia mahindi ya watu. Sikujali. Nilikuwa nimefika.

Nyanya bado yupo, anatembea kwa fimbo. Jirani aliacha kufuga. Siku hizi fahali hupakiwa kwenye lori lenye spika kubwa na kushushwa karibu na uwanja, nao watu huja kwa pikipiki. Mguu nilio nao sasa unaweza kucheza kutoka kwetu hadi kule bila kuchoka, na jasho haliuwezi. Jumamosi, siku ya pambano, niliamka alfajiri nikauvaa, nikasimama langoni. Lori lilipita na fahali wake, vumbi likatulia, na barabarani hapakuwa na mtu wa kumfuata.