Mstari Mweupe Shavuni

Mhariri ananidai kisa kana kwamba sina ndoo za kujaza. Haya.

Zahanati ya Mbagala, jirani yangu kamleta binti aliyeolewa na mwanawe; mama huyo kamtenga na sinia la familia, asile nao. "Daktari, ana ugonjwa! Mstari mweupe ndani ya shavu!"

Daktari akachungulia. "Huu hauambukizi. Meno yanasugua shavu, ngozi inakakamaa. Hebu fungua na wewe, mama."

Naye anao, tena mnene! Foleni nzima tukacheka.

Binti hakutukana, mie ningeshindwa. Akasema taratibu, "Yameisha, mama. Ila leo utanilisha tonge la kwanza, majirani wakiona."

Jioni nikapita makusudi. Mama mtu kachuchumaa uani, anamlisha kwa mkono wake, na binti anatafuna bila haraka.