Kipande cha Saba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusema, "Nakula kila kitu." Nilisema nikitabasamu, mbele ya shemeji, kaka wa mchumba wangu, aliyenialika chakula cha mchana kwenye mgahawa wa sushi Kinondoni ili tufahamiane. Pale mgeni hachagui. Anaulizwa tu asichokula, kisha mpishi anamletea anachotaka yeye, kipande kimoja kimoja. Mie nikila kamba wa baharini koo linavimba hadi pumzi inagoma. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikahofia nitaonekana mtu wa madeko ukweni.

Nilikuwa nimejiandaa mno. Wiki nzima, chumbani kwangu Kipawa, nilitazama video na kujifunza kushika vijiti kwa kuokota punje za maharage. Nilijua hata kwamba wali hauchovywi kwenye sosi ya soya. Sikufanya mazoezi ya kukataa.

Tulikaa kaunta. Mpishi alikuwa mbele yetu, mtu mzima, lafudhi ya kusini. Nilimpa shikamoo, nikainama kama kwenye video.

"Marahaba. Inuka baba, hapa ni Dar."

Shemeji alicheka mpaka akakohoa.

Kikaja kipande cha jodari, kikafuata cha pweza, halafu cha samaki changu. Sikusikia ladha ya chochote. Ndani ya kabati la kioo niliwaona kamba wamepangwa pembeni, wekundu, na macho yangu yalifuata tu mkono wa mpishi. Kila ulipowapita nilishusha pumzi. Mara ya saba haukuwapita.

Kamba akawekwa mbele yangu, juu ya wali.

"Kula bwana," shemeji alisema. "Au unampiga picha kwa macho?"

Nilimwinua yule kamba kwa vijiti. Niliwaza kummeza bila kutafuna, kisha nikimbilie chooni. Alipokaribia midomo, nikasikia harufu ya siku ile nilipolazwa nikiwa darasa la tano, mama akinipepea kwa kanga huku analia.

Nikamrudisha sahanini. "Chifu, samahani. Nilidanganya. Nikila kamba navimba koo."

Mpishi hakucheka. "Nimewapasua kwa kisu hiki hiki wakati nyie mnaingia. Umeshakula vipande vingapi?"

"Sita."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilishika koo, nikawa nameza mate kila mara kujaribu kama njia bado iko wazi. Shemeji alishatoa funguo za gari.

"Yaani bora ufe kuliko kunikatalia chakula? Ningemwambia nini mdogo wangu?"

Mpishi aliosha kisu, ubao na mikono, huku akiitazama shingo yangu. Midomo iliwasha muda mrefu, halafu ikaacha. Kipande cha nane hakuna aliyekiomba.

Mdogo wake shemeji nilimuoa. Siku hizi nikikaribishwa chakula, hata ukweni, nauliza kama kina kamba kabla sijanawa mikono. Bado naona haya, lakini nauliza.